Simama Nyuma ya Karavani Useme "Iko!"

Walisema Mukendi hatavuka mpaka. Nikavuka. Walisema hatamaliza chuo, mtu mwenyewe anasoma kwa kufuata maneno kwa kidole. Nikarudi na diploma yenye muhuri. Halafu wakasema diploma ya umeme wa karavani haiwezi kumlisha mtu Kolwezi, mji ambako hakuna aliyewahi kuvuta nyumba kwa gari. Vijana, leo nimestaafu. Ninakaa katika nyumba ya matofali ya kuchoma, na hakuna trela wala karavani inayotembea kati ya Mutoshi na Nzilo ambayo waya zake hazikupita mkononi mwangu au mkononi mwa mtu niliyemfundisha. Mtasema najisifu. Ndiyo, najisifu. Kazi niliifanya mwenyewe, nani mwingine ataisifia vizuri kama mimi?

Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mzee wetu, Tata Ramazani. Wazee wake walitoka mashariki ya Kongo na biashara ya kusafirisha mizigo, naye alikuwa na malori na yadi pana pale unapoingia mtaa wetu wa Musonoi. Siku niliyokwenda kumwomba nafasi juu ya lori lake la kwenda mpakani, nilimkuta amekalia tairi kuukuu, anakula karanga.

"Unaenda kusomea nini kule?"

"Umeme, Tata. Umeme wa motokari na karavani."

"Karavani ni kintu gani?"

"Ni nyumba ya magurudumu. Muntu anaifunga nyuma ya motokari, anaivuta."

Akaacha kutafuna. "Anavuta nyumba? Ile nyumba ilimukosea nini?"

Yadi nzima ikacheka. Madereva walicheka, wabeba mizigo walicheka, hata mama aliyekuwa anauza chikwangue, mikate ya muhogo, mlangoni alicheka bila kujua kinachochekwa. Tata Ramazani akafuta machozi. "Enda, mwana. Utarudia. Miguu utarudia nayo. Bile bingine, mi sijue."

Lakini kabla lori halijaondoka akaingia ofisini kwake, akatoka na blanketi zito la kijivu, akanitupia kifuani. "Juu ya lori kuko baridi. Usikufe mbele ya kufika. Bantu batasema ni lori yangu ilikuua."

Huyo alikuwa mkopeshaji wangu wa kwanza. Wa pili alikuwa jirani yetu Mama Kapinga, mjane. Alinipa sanduku la ngozi ambalo marehemu mumewe alikuja nalo kutoka Kasai siku alipoletwa kufanya kazi ya mgodi. Alilipangusa kwa kitenge chake, akaniambia, "Hii sanduku ilitoka Kasai, ikafika. Na weye utafika. Lakini inarudia!"

Wa tatu alikuwa dada yangu mkubwa, Ntumba, ambaye sisi wadogo tulimwita Yaya. Yaya alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Aliuza cherehani yake ili mimi nipate safari na chuo. Hakunihubiria. Alikunja kile kitambaa cha kuifunikia akakiweka juu ya kabati, kama mtu anayeweka sahani ya mgeni anayekuja baadaye kidogo. Tangu siku hiyo akawa anashona kwa mkono, barazani, sindano moja na uzi. Watu walipomwuliza mashine imekwenda wapi, alisema, "Ilienda kusoma."

Sasa mnajua nilikuwa nimebeba nini. Blanketi, sanduku, na cherehani ambayo haikuwepo. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa nzito.

Wengi wenu mmeziona karavani kambini tu, na watu wake wamelala ndani. Basi sikilizeni. Karavani ikifungwa nyuma ya gari inakuwa sehemu ya gari hilo. Gari likifunga breki, taa za nyuma ya karavani lazima ziwake. Gari likitaka kukata kona, taa ya kona ya karavani lazima icheze. Umeme wa kufanya yote hayo unapita katika waya mnene unaoishia kwenye fishi, yaani plagi, na fishi inaingia kwenye prizi, tundu lake lililo nyuma ya gari. Karavani nzuri ina fishi mbili. Nyeusi ni ya taa za barabarani. Ya kijivu ni ya mambo ya ndani ya nyumba, yaani taa ya mezani na jokofu. Mkizifahamu hizo mbili mmefahamu nusu ya maisha yangu.

Ndani ya fishi nyeusi kuna pini, na kila pini ina waya wa rangi yake. Njano ni kona ya kushoto. Kijani ni kona ya kulia. Nyekundu ni breki. Kahawia na nyeusi ni taa ndogo za usiku, kulia na kushoto. Halafu kuna mweupe. Vijana hupenda nyekundu, wanaona ndiyo ya wanaume. Mimi napenda mweupe. Umeme wote unaokwenda kwenye taa lazima upate njia ya kurudi garini, na njia hiyo ni waya mweupe. Ukifa, taa zote zinaanza kuazimana njia: unawasha ya kona, ya breki inakonyeza, unafunga breki, za kona zinafifia. Dereva wa nyuma anadhani unasherehekea harusi.

Aliyenifundisha kupenda mweupe ni Bibi Thandeka, huko kusini ng'ambo ya mpaka, katika yadi yake ya kukodisha karavani. Alikuwa mama mfupi mwenye fimbo, na yeye pia alikuwa na diploma, tena iliyotangulia yangu, jambo ambalo alinikumbusha mara nyingi. Mchana nilifanya kazi kwake, jioni nilikwenda chuoni. Siku yangu ya kwanza aliweka fishi mbovu mezani, nikashika bisibisi.

"Weka chini," akasema. "Nusa kwanza."

Nikadhani ananicheka kwa kuwa mimi ni Mkongo. Lakini alikuwa anasema kweli. Fishi iliyoungua inanuka nywele zilizochomwa. Iliyoingia maji inanuka sarafu iliyokaa mkononi. Iliyo salama hainuki kitu. Mpaka leo nikipewa fishi naipeleka puani kabla ya kuipeleka machoni, na mke wangu amezoea.

Siku nyingine nilimwonyesha karavani niliyoimaliza. Nilikuwa nimejaribu taa za breki kwa kuweka tofali juu ya pedali kisha kukimbia nyuma kutazama. Niliona fahari kubwa kwa werevu huo. Bibi Thandeka aliliondoa tofali akalipima uzito mkononi.

"Huyu ndiye dereva wako?"

"Ni kwa kujaribu tu, Bibi."

"Atageuza usukani lini?"

Akanikalisha kwenye kiti cha dereva. Yeye akasimama nyuma, na kila taa iliyowaka akagonga bati la karavani kwa fimbo yake. Isiyowaka, kimya. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba fundi wa karavani hajijaribii kazi yake peke yake. Anakaa mbele, anafanya yote anayofanya dereva, na mtu mwingine mwenye macho yake mwenyewe anasimama nyuma na kumpa jibu. Nilipokuja kuianzisha desturi hiyo Kolwezi nikabadilisha fimbo kuwa sauti, maana huku pikipiki za teksi zinapiga kelele kuliko fimbo yoyote. Taa ikiwaka, wa nyuma anasema "Iko!" Isipowaka, "Haiko!" Hakuna jibu la tatu. Wapo wanaosema "Inajaribu." Hao muwarudishe nyumbani wakapumzike.

Diploma niliipata. Nilikuwa mzee kuliko wote darasani, na alama zangu za vitendo zilikuwa za juu kuliko za wote. Sitataja alama za hesabu, haziingii katika habari hii.

Wakati wa kurudi ulipofika, mfuko wangu uliniruhusu kununua kitu kimoja kikubwa tu. Ama cherehani, ama sanduku kamili la vifaa vya kazi. Nilizunguka dukani mpaka mwenye duka akaniletea kiti. Nilichukua vifaa. Nilijua kwamba Kolwezi nikifika na cherehani bila vifaa, nitakuwa nimelipa deni moja na kubaki fundi wa maneno.

Yaya Ntumba alinipokea stendi. Akabeba lile boksi la chuma upande mmoja, mimi upande mwingine.

"Ni nzito," akasema, na macho yake yakacheka. "Ni mashini?"

"Apana, Yaya. Ni koleo na bisibisi."

Tukatembea kidogo. "Koleo ni nzuri," akasema. "Koleo inakamata." Hakuuliza tena. Heri angeuliza.

Tata Ramazani yeye aliuliza, na kwa niaba ya mji mzima. Kila nilipopita mbele ya yadi yake alisimama mlangoni akaweka kiganja juu ya macho kama mtu anayetafuta kitu mbali. "Mukendi! Karavani iko wapi? Mi naangalia, naona kuku tu!"

Nikafungua banda langu la mabati kando ya barabara ya Mutoshi, nikaitundika diploma ukutani, ndani ya fremu, juu kidogo ili anayetaka kuisoma ainue kichwa. Kwa kuwa karavani hazikuwepo, nilitengeneza trela za wafanyabiashara. Hapo ndipo nilipokutana na mawese.

Mafundi wengi wa hapa walikuwa wanapaka mawese ndani ya fishi ili pini zisishike kutu. Wazo halikuwa baya kabisa, mafuta yanafukuza maji. Lakini mawese ni chakula. Panya wa Musonoi wakagundua kwamba nyuma ya kila trela kuna sahani iliyotiwa kiungo tayari. Walilamba pini, kisha wakaendelea na ngozi ya waya, maana nayo ilikuwa imelowa ladha. Mfanyabiashara mmoja aliniletea trela yake akilia kwamba amerogwa na mshindani. Nikainua fishi, nyuma yake akatoka panya mwenye tumbo.

Nilimcheka sana. Nikatupa mawese yote, nikajaza fishi za watu grisi nene ya magari, ile nyeusi, mpaka ikafurika. Niliona huo ndio usomi. Baada ya muda wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Vumbi la barabara za migodi lilikuwa limejishika kwenye grisi, limekuwa udongo wa kufinyangia vyungu. Ungeweza kuchoma tofali humo. Hata makosa yangu, vijana, yalikuwa makubwa kuliko ya wengine. Bibi Thandeka alifanya kazi kwenye barabara za lami, hakuwahi kuona vumbi la kwetu. Sehemu hiyo ilibidi nijifundishe mwenyewe, na chuo chochote kinachotaka kuifundisha kije kwangu.

Basi shikeni hivi. Safisha pini kwa brashi ndogo kavu, halafu spiriti kidogo kwenye kitambaa. Mafuta ya mgando, yale ya kupaka mtoto, weka kama unavyompaka mtoto mdomoni, kwa ncha ya kidole. Yakionekana kwa mbali umezidisha. Pini iliyolegea usiipige nyundo. Ichanue kidogo katikati kwa ncha ya kisu chembamba, iume vizuri ikiingia. Waya uache ulegee wa kutosha kukata kona kali, lakini usiguse ardhi, maana barabara ya Musonoi itaula kabla ya chakula cha mchana. Na karavani ikiegeshwa, fishi isining'inie wazi ikitazama mbingu kama kikombe. Itundike ikitazama chini, ifunike.

Nanyi ni watoto wa shaba, mna bahati ambayo watu wa kusini hawana. Mnaijua ile rangi ya kijani ya mawe ya Mutoshi. Pini za fishi zina shaba ndani yake. Zikipata maji na vumbi, zinaota kijani kile kile. Baba zenu wameitoa shaba kwenye jiwe kwa jasho, nayo inakaa hapo kwenye fishi inatamani kurudi kuwa jiwe. Kazi yenu ni kuikatalia.

Halafu karavani zikaja.

Kampuni ya kupima ardhi ilileta kambi nzima ya nyumba za magurudumu kwa ajili ya wataalamu wake, zikae upande wa Nzilo, karibu na bwawa. Mkuu wa kambi alikuwa Madame Mujinga, injinia kutoka Lubumbashi, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya kazi iliyopigwa pasi, kama jambo hilo linawezekana. Magari ya kuvuta alikodi kwa Tata Ramazani. Ndiyo, huyo huyo. Karavani zilipoingia katika yadi yake nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara. Nikaweka kiganja juu ya macho.

"Tata Ramazani! Mi naangalia, naona nyumba!"

Akaanza kutafuta karanga mfukoni.

Taa za karavani zile zilikuwa zimechoka kwa safari ndefu. Madame Mujinga akaja bandani kwangu, akainua kichwa kusoma diploma yote mpaka muhuri, akasema, "Uzitengeneze. Kesho zinaenda Nzilo. Zikifika na taa zote, kazi ya kambi ni yako, ya kila mwezi. Zikishindwa njiani, naita bantu ya Lubumbashi."

Kazi ya kila mwezi. Moyoni nilimwona Yaya akinyoosha mkono juu ya kabati na kushusha kile kitambaa cha cherehani.

Nilisafisha kila fishi siku hiyo mpaka ungetaka kuinywea chai. Nikaomba pia kufungua prizi za magari. Tata Ramazani akasimama mbele ya gari lake la kwanza, mikono kiunoni. "Motokari yangu inatembea mbele hujazaliwa. Shughulika na nyumba zako."

Asubuhi tukajaribu yadini. Mimi kwenye usukani, Madame Mujinga nyuma. Breki. "Iko!" Kona ya kushoto. "Iko!" Kona ya kulia. "Iko!" Kila karavani, iko, iko, iko. Tukaondoka kwa fahari, mimi nikiwa gari la mbele na dereva, Madame na Tata Ramazani wakiwa gari la nyuma.

Tulipofika kwenye kona kubwa ya kutokea mji, honi ikalia nyuma yetu. Tukasimama. Madame Mujinga akaja kwa miguu, kofia mkononi.

"Fundi, mu kona taa zote zinacheza. Breki inafifia, kona inafifia. Mbele ya kona zilikuwa muzuri. Hii ni nini?"

Tata Ramazani alikuwa amemfuata, na sauti yake ilitangulia. "Nilisema! Diploma inawaka mu yadi, mu kona inazimika!"

Watu wakaanza kukusanyika. Wachimbaji wakiwa na sepetu zao begani, pikipiki za teksi zikazima injini, maana huku hakuna sinema nzuri kama fundi aliyeshindwa. Nikapiga magoti nyuma ya gari, nikatoa fishi, nikainusa. Hainuki kitu. Nikaitazama, inang'aa. Basi ugonjwa haukuwa kwenye karavani. Nikachukua bisibisi nikafungua prizi ya gari, na safari hii hakuna aliyenizuia.

Waya wa njano upo. Kijani upo. Nyekundu upo. Mahali pa mweupe, tundu tupu, hata buibui alishahamia.

"Tata Ramazani," nikasema bila kusimama, "waya mweupe uko wapi?"

Dereva wake akakohoa. Kisha, taratibu, akainua macho kutazama turubai lililofunika mizigo nyuma ya gari. Nasi sote tukainua macho. Turubai lilikuwa limefungwa vizuri, mafundo ya kupendeza, kwa waya mweupe. Gari la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo.

Ni mji gani mwingine duniani unaofanya hivyo? Shaba yetu ni nyingi kiasi kwamba tunafungia magunia.

"Ni waya nguvu!" Tata Ramazani akajitetea. "Haikatike! Na ile mweupe haifanye kazi. Motokari ni chuma, karavani ni chuma, chuma inashika chuma, umeme unapita mule!"

Na hakukosea kabisa, ndiyo maana yadini taa ziliwaka. Karavani hukalia kichwa cha chuma cha mviringo nyuma ya gari, na ikiwa imenyooka, umeme unaweza kurudi kupitia hapo. Lakini madereva wake walikuwa wamekipaka kichwa hicho grisi ya kutosha kukaangia ndizi. Gari likikata kona, chuma kinateleza juu ya grisi, njia ya kurudi inakatika, taa zinaanza kuazimana. Nilieleza hayo kwa sauti, polepole, ili pikipiki za nyuma nazo zisikie.

Madame Mujinga akaanza kucheka akiwa ameuma midomo, kisha akaiachia. "Tata, fungua mafundo yako."

"Mi?"

"Ni weye ulifunga."

Basi tajiri wa malori akapanda juu ya gari lake mwenyewe, kanzu ikapepea, akaanza kufungua mafundo. Nikasimama chini nikimwelekeza. "Polepole, Tata, usiikate. Ile ni njia ya kurudia."

"Nyamaza, weye!"

Wachimbaji wakatoa vipande vya mpira wa baiskeli, turubai zikafungwa upya. Nikarudisha waya mweupe mahali pake katika kila gari, nikaufunga kwenye chesi, ule uti wa chuma wa gari, palipokwanguliwa mpaka kung'aa. Kisha nikamwambia dereva asilinyooshe gari. Tulijaribu pale pale, gari likiwa limepinda kwenye kona.

"Nani anasimama nyuma?" Madame akauliza.

"Tata Ramazani," nikasema. "Macho ya muntu asiyeniamini ndiyo mazuri."

Akasimama. Nikakanyaga breki.

"Iko," akanong'ona.

"Sisikie!"

"Iko!"

Kona ya kushoto. "Iko!" Kona ya kulia, na sasa wachimbaji na pikipiki walikuwa wanaitika pamoja naye, "Ikooo!" kama kwaya ya Pasaka. Tukafika Nzilo taa zote zikiwaka, na Madame Mujinga akaninyooshea mkono mbele ya bwawa, maji yakiunguruma nyuma yake.

Miaka iliyofuata mnaijua, baadhi yenu nimewafundisha mwenyewe. Nitawaambia tu siku moja.

Kambi ilipobadilisha karavani zake, ile ndogo kuliko zote, iliyovuja paa, niliichukua mimi. Nikaziba paa, nikapaka rangi, nikaifunga nyuma ya gari langu mwenyewe, nikaingia Musonoi Jumamosi moja mchana kweupe, polepole, ili kila mtu apate muda wa kutoka nje.

Nilianza kwa Mama Kapinga. Nikamkabidhi sanduku la ngozi, limepakwa mafuta, pembe zimeshonwa upya, ndani mna vitenge vipya. Vitenge aliviweka kando. Aligonga kifuniko kwa vidole, akasikiliza. "Moyo wenu!" akasema kwa Kiluba, akilisalimia sanduku na siyo mimi. Kisha akanigeukia. "Mi nilisema inarudia. Sasa itaenda na nani?" Lipo kwake mpaka leo. Mkienda kusoma mbali, mwombeni. Lakini mlirudishe.

Akapanda kuja nami. Kwa Tata Ramazani tulimkuta juu ya tairi lake. Nikatoa blanketi jipya, zito, la kijivu vile vile.

"Sikukopeshe," akasema. "Nilikutupia."

Basi nikamtupia. Likamfunika kichwa, karanga zikamwagika. Alipotoa kichwa alikuwa anacheka, mzee yule, kicheko cha siku ile ya kwanza. Akatazama karavani kutoka fishi mpaka taa za nyuma. "Na ya Ntumba?"

"Twende."

Akatembea nyuma ya karavani njia yote, blanketi begani kwenye jua lile, na kila nilipofunga breki alitangazia majirani: "Iko! Iko!"

Yaya alikuwa barazani, sindano mkononi, suruali ya mtu mapajani. Hakusimama. "Munapiga makelele. Mi niko na kazi."

"Ingia mule, Yaya."

"Mule kuko nini?"

Mama Kapinga akamshika mkono, akampandisha, akafunga mlango. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani, nisiyeweza kuona ndani, kama inavyompasa fundi. Fishi ya kijivu ilikuwa imeingia sawasawa, nilikuwa nimeinusa asubuhi. Nikabonyeza swichi ya taa ya mezani, niliyoivutia waya mpaka kwenye usukani, nikangoja.

Tata Ramazani akaleta uso wake dirishani. "Mwana," akanong'ona, "waya mweupe uliweka?"

Nikatega sikio. Kwanza ulikuja mlio mdogo wa gurudumu kuzunguka, kama mtu anayejaribu. Kisha sindano ikaanza kukimbia, mfululizo, haraka, ile sauti iliyonilaza usingizi nikiwa mdogo. Ikasimama. Na kutoka ndani ya karavani, kwa nguvu za kusikika Musonoi nzima, Yaya Ntumba akapaza sauti:

"Iko!"